Karamu ya Kuandika, Kalamu ya Kula

Nimestaafu. Msicheke, Hamisi na Nafula. Mtu hustaafu kazi aliyoifanya, si umri alioufikisha. Nimefanya kazi likizo baada ya likizo katika ile nyumba ya wageni iliyo ufuoni mwa Ziwa Turkana, na sasa naingia kidato cha nne. Mama amesema likizo zilizobaki ni za kusoma, na mama akisema jambo akiwa na mwiko mkononi, hiyo ni barua tosha ya kustaafu. Nyinyi wawili ndio mtapanda lori Desemba kuchukua nafasi yangu. Nawaandikia kwa sababu mimi hakuna aliyeniandikia, na matokeo yake nilifika Turkana nimevaa sweta mbili.

Mambo ya mshahara na vyeo sitayagusa. Mshahara ulipitia kwa mama na huko ukapotelea kwenye karo. Cheo nilikuwa nacho kimoja tu, "wewe msichana", na sikuwahi kupandishwa.

Siku ya kwanza lori lilipakiwa sokoni Kitale, nyuma ya msikiti, pale mama anapouza kabichi kwa jumla. Ile nyumba ilikuwa inanunua mboga zake kwake, na mpishi wa huko alikuwa ametuma neno kwamba anataka msichana wa likizo, mwenye mikono safi na asiye mwoga wa maji. Mama akajibu kwamba binti yake haogopi kitu, na hilo ndilo tatizo lake. Basi nikakaa mbele na dereva, kabichi zikakaa nyuma. Tulipopita Kapenguria na kuanza kuteremka, kila kona ya barabara ilinivua kitu. Kona moja sweta, kona nyingine sweta ya pili, kona nyingine soksi. Tulipofika bondeni nilikuwa nimebaki na dera na ushungi, na kabichi zilikuwa zimeanza kutoa harufu ya kupikwa.

Kisha, siku ya pili, tulipanda kilima kidogo cha mawe meusi, na ziwa likatokea.

Sijui niwaambieje. Kwetu Kitale maji mengi ni yale ya bwawa la shambani, ukirusha jiwe kwa nguvu linatua ng'ambo na kumgonga bata wa watu. Haya yalikuwa hayana ng'ambo. Nilimwuliza dereva ng'ambo iko wapi. Akasema ipo, haionekani tu. Na rangi yake si ile buluu ya kwenye ramani. Ni kijani cha mahindi machanga ya mwezi wa tano, shamba zima, ila shamba hili linatembea. Nilinyamaza. Mnanijua, mimi si mtu wa kunyamaza, hata mwalimu wa zamu atawaambia. Nilinyamaza mpaka lori likasimama.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mawe, paa la majani ya mikoma, imekaa peke yake juu ya mwamba kama mtu aliyekosana na kijiji. Upande wa ziwa haikuwa na ukuta. Si kwamba ulianguka, la. Haukujengwa. Kwetu ukuta ukikosekana watu huita umaskini na wanachangisha harambee. Hapa unaitwa starehe na wageni wanaruka kwa ndege kuja kuutazama usipokuwepo. Vitanda vilikuwa vikubwa kama stoo ya mahindi, vimefunikwa vyandarua vyeupe vinavyopumua na upepo. Bafu limechongwa ndani ya jiwe, nje, bila paa, ili mgeni alale kwenye maji akiyatazama maji.

Nilimwuliza mpishi kama ni kweli watu hulipa ili waoge nje, maana kwetu tunaoga nje bure. Mpishi huyo ndiye mtakayemkuta jikoni: mzee mmoja wa Tongaren anayeitwa Wekesa. Sote tulimwita Kuka, yaani babu kwa Kibukusu. Alinitazama, akazitazama sweta zangu mkononi.

"Kalibu, Lehema," akasema. "Sweta umereta za nini? Haya, tutavalisha sufulia."

Nilidhani ananichezea. Kumbe alimaanisha. Sweta zangu zote mbili zilivalishwa masufuria tangu siku ile, wali ukitoka motoni unavikwa sweta na unakaa na joto mpaka mgeni amalize kuoga nje. Hiyo ndiyo zana ya kwanza. Sweta bado ziko pale, msizifue kwa sabuni ya unga.

Mmeshaona basi ulimi wa Kuka. Yeye "l" na "r" anazibadilisha kama watu wanaobadilishana viti. Mimi ambaye nyanya yangu alinifundisha Kiswahili kwa kunifinya, nilicheka wiki nzima ya kwanza. Alikuwa akisema "balafu" nami naleta barafu, "rete" nami naleta. Baada ya muda sikio linajigeuza lenyewe. Ukisikia "l" unaweka "r", ukisikia "r" unaweka "l", na maisha yanaendelea. Kumbukeni hilo la kugeuza, ndilo lililotuletea balaa.

Kazi yenyewe. Adui wenu ni mchanga. Upepo wa asubuhi hutoka ziwani na hasira za shangazi aliyesikia kulikuwa na harusi na hakualikwa. Anaingia kila chumba, anagusa kila kitu, anaacha mchanga hadi ndani ya bakuli la sukari. Usifagie kabla hajaondoka, utakuwa unamsaidia tu. Shuka hukunjwa na watu wawili wakiutazama upepo, si wakitazamana, la sivyo mmoja wenu atakuwa tanga. Friji ni ya mafuta ya taa. Ina utambi, ina moto, na kwa moto huo inatengeneza barafu. Mwalimu wa fizikia amenieleza mara mbili na bado naamini kuna kitu ananificha. Na ufuoni msiende bila Ekai, mlinzi wetu, Mturkana asiyependa maneno mengi. Ekai akisimama, simameni. Yeye anajua jiwe ni lipi na mamba ni yupi.

Kisha kuna shamba. Nyuma ya jiko, palipokuwa mchanga na mawe matupu, Kuka alikuwa na bustani yenye ukubwa wa kitanda cha mgeni, imezungushiwa mawe ili upepo usiibebe. Udongo wake ni mweusi. Siku ya kwanza niliushika nikadhani naota, kwa sababu udongo kama huo sijauona tangu tuteremke mlima. Kuka aliutoa kwao Tongaren. Kila akienda likizo, wenzake hurudi na nguo mpya, yeye anarudi na gunia la udongo. Dereva wa lori alikuwa akilalamika kwamba duniani watu husafirisha mahindi, huyu anasafirisha shamba lenyewe. Humo Kuka alipanda murere, ile mboga yetu ya kuteleza, na vitunguu vya majani, na aliimwagilia kwa maji aliyooshea mchele. Alikuwa amefika ufuo ule akiwa taniboi wa lori, yule wa kupakia na kushusha mizigo, ndio wanaanza kujenga nyumba. Akashusha simenti, akalitazama ziwa, lori likarudi bila yeye. Hivyo ndivyo anavyosimulia, na hakuna anachoongeza.

Sasa niwape kesi ngumu. Ilikuwa likizo ya Agosti, hii iliyopita. Madam, mwenye nyumba, wakili wa Nairobi, alikuwa amechoka na nyumba iliyo mbali kiasi kile na akapata mtu wa kuinunua. Habari ilitufikia kwa redio ya mawasiliano, lile sanduku la jikoni linalokoroma. Mnunuzi angekuja na familia yake kuiona nyumba, na angekuja na mpishi wake mwenyewe na vyakula vyake kwenye masanduku. Tusijisumbue kupika. Mpishi huyo akilipenda jiko, ndiye atakayebaki.

Kuka alizima redio, akakuna mwiko kwa kisu muda mrefu, ingawa mwiko ulikuwa safi. Nikamwambia asijali, Tongaren kuna mahindi, kuna mvua, kuna wajukuu. Akasema ndiyo, viko. Halafu akatoka kwenda kumwagilia murere, na ilikuwa saa sita mchana, saa ambayo yeye mwenyewe alikuwa amenikataza kumwaga maji.

Asubuhi ya ugeni redio ikakoroma tena. Aliyekuwa upande wa pili ni Barasa, kijana wa Bungoma anayetuma mizigo kutoka Lodwar. Zamani alikuwa anabeba watu kwa baiskeli ya boda boda mjini Bungoma, na bado anaongea kana kwamba anapanda mlima. Ulimi wake na wa Kuka ni ndugu. Alisema wageni wako njiani, Madam ameagiza wakifika mezani kuwe na karamu, nzuri, ya kumtosha kila mtu. Halafu sanduku likapiga chafya na kunyamaza kabisa.

"Amesema kalamu," Kuka akaniambia.

"Ya kula?"

"Si ya kura. Ya kuandika."

"Kura nayo huandikwa kwa kalamu, Kuka."

"Lehema, wacha mchezo. Mimi najua watu wetu. Balasa akisema karamu, ni kalamu. Hawa wanakuja kununua nyumba, si watasaini? Chakura wanacho kwa sanduku."

Nami, na sikio langu lililojigeuza, nikakubali. Ilikuwa na maana kabisa. Tulitafuta kalamu nyumba nzima. Nilitoa zangu za shule, Kuka akatoa ile ya shavuni mwa redio, nyingine zikatoka kwenye droo za vyumba. Nilizipanga mezani, kila sahani na kalamu yake, juu ya kitambaa kilichokunjwa kama ndege. Mbona uongo, palipendeza. Ekai alipita, akatazama meza, akatutazama sisi, akaenda zake.

Sasa kosa lilikuwa hivi. Ndege ndogo ilikuwa imejaa watu, kwa hivyo mpishi na masanduku yake walibaki Lodwar. Ndiyo maana Madam aliagiza karamu. Na Barasa, kwa kuwa aliandikiwa maneno kwenye karatasi na alikuwa anamwogopa Madam, kwa mara ya kwanza maishani mwake alitamka neno sawasawa.

Wageni walishuka kwenye gari lililowatoa kiwanja cha ndege, wakiwa kumi na kitu. Mbele alikuwa Mnunuzi mwenyewe, mama mfupi mnene mwenye kofia kubwa, sauti ya mtu aliyezoea kuuza. Aliingia, akaona meza. Watoto wakaona meza. Mzee mmoja wao akaketi, akajifunga kitambaa shingoni, akaokota kalamu akaigeuza kuangalia kama ina nyama upande wa pili.

"Hii ni nini?" Mnunuzi akauliza, si kwa ukali, kwa mshangao tu. "Si tuliambiwa kuna karamu?"

Nilimwona Kuka akielewa. Rangi ya uso wake ilikwenda mahali. Kwa sababu yeye alijua, na mimi nilijua, kwamba mtu akitafuta sababu ya kumrudisha mzee nyumbani, sahani ya kalamu inatosha.

Hapa ndipo mdomo wangu, ambao shuleni umeniletea adhabu tu, ulipofanya kazi halali mara ya kwanza. Nikasema karibuni, hizo kalamu ni desturi ya nyumba. Hakuna mgeni anayekula hapa kabla ya kuona ziwa, na akirudi anaandika kitambaani alichokiona. Nikawaambia wasivue viatu, wanifuate. Nikimpita Kuka aliniambia kwa sauti ya chini kwamba Ekai ameshakwenda kununua mbuzi kwa jirani, na kwamba niwaweke huko mpaka nione moshi wa jiko umekuwa mweupe.

Mbuzi, mnajua, haharakishwi.

Basi nikawapeleka ufuoni bila Ekai, kosa ambalo nyinyi msilirudie, nikaanza kudanganya. Upepo siku hiyo ulikuwa umekataa kwenda zake, ukatupiga ubavuni, mawimbi yakapanda mchanga kama ng'ombe wanaorudi zizini. Wageni walinyoosha simu zao juu wakitafuta mtandao, mstari mzima wa mikono juu, nikasema haya, mmeshaanza kuomba, ni vizuri. Walicheka kidogo. Niliwaambia mwamba huu ni meza ya majini na mapepo, na yale mawe meusi yalikuwa nyama, yakaungua. Nilipowaona wanachoka na tumbo la mzee wao limeanza kuongea, nikanyoosha kidole kwenye gogo moja kubwa la kijivu mbali ufuoni. Nikasema lile ni mamba, ni babu wa mamba wote, amelala hapo tangu nyumba ijengwe na hajawahi kusogea.

Uongo wangu ukanyanyuka, ukatembea.

Polepole sana, bila haraka ya mtu yeyote. Ulinyanyua tumbo kwenye mchanga, miguu minne, ukaburuta mkia mrefu kama boriti ya paa, ukaingia majini bila sauti. Maji yalimfunika kama shuka. Nikakusanya watoto nyuma ya dera langu.

Na kana kwamba mamba yule aliufunga mlango nyuma yake, upepo ukakatika. Haukupungua, ulikatika. Masikio yakalia. Mawimbi yaliinama moja moja, na mbele yetu ziwa lote likatulia, kijani, laini, mpaka pale ambapo ng'ambo ilikuwa ipo haionekani. Kisha kwa mbali kitu cha waridi kilichokuwa kimelala juu ya maji kikainuka. Nilidhani ni ukungu. Walikuwa flamingo, wengi kiasi kwamba nilisahau kuhesabu ni nini. Walipinda pamoja angani, wakawa weupe, wakapinda tena, wakawa waridi, na chini yao ziwa likafanya vilevile. Mtoto mmoja wa wageni akanishika mkono, na mimi nikamshika zaidi.

Nilikuwa na uongo mwingine mwingi umebaki. Sikuutumia. Nilisimama kama nyumba ile, bila ukuta upande mmoja. Mnunuzi alivua kofia yake. Alikaa chini mchangani, mama mzima na nguo zake za Nairobi, mpaka mimi nikakumbuka kutazama nyuma. Moshi ulikuwa mweupe zamani.

Walikula kama watu waliotoka kufunga. Mbuzi, wali kutoka ndani ya sweta zangu, na murere kidogo kwa kila mtu kwa sababu bustani ni ndogo. Na mtashangaa, waliandika kweli kwenye vitambaa, kila mmoja na kalamu yake. Mpaka leo Madam hajui vitambaa vyake vilienda wapi. Mnunuzi hakusifu chakula. Alitafuna murere, akaacha kutafuna.

"Hii imeota wapi?" akauliza. "Hapa ni mchanga."

Kuka akampeleka nyuma ya jiko, nami nikafuata na sinia tupu ili nionekane nina kazi. Mama yule alichuchumaa, akatia kidole kwenye ule udongo mweusi, akanusa. Kuka akamweleza kwa ufupi: Tongaren, lori, gunia. Akauliza magunia mangapi. Kuka akasema hakuhesabu, alikuwa anareta tu.

"Mzee," Mnunuzi akasema, "mimi nina mpishi. Nimekuja naye kutoka mbali, anapika vizuri. Wewe una nyumba, una shamba lenye udongo kama huu. Kwa nini usipumzike kwenu?"

Kuka alifuta mikono kwenye aplani. Alitazama chini, halafu akatazama ziwa, ambalo kutoka pale linaonekana kipande tu, kati ya jiko na tangi la maji.

"Kwetu ni kwetu, mama," akasema. "Rakini hapa ndio mahari pangu."

Nilisikia, na kwa mazoea sikio langu likageuza: mahali. Mahali pangu. Mtoto wa Mnunuzi, kijana wa umri wangu, akacheka kwa pua na kumnong'oneza dada yake kwamba ati mzee ametoa mahari. Siku nyingine ningekuwa wa kwanza kucheka, na ningecheka kwa ufundi kuliko yeye. Lakini nilikuwa nautazama ule udongo. Gunia baada ya gunia, ametoka nalo kwao, amelishusha mlima, amelimwaga mbele ya ziwa na kungoja. Nikaona kwamba kwa mara hii sikio langu halikupaswa kugeuza kitu.

Mnunuzi hakucheka. Aliinuka akishika goti, akakung'uta kidole chake juu ya bustani, ili hata ile chembe irudi.

"Basi kama ulishatoa mahari," akasema, "mimi ni nani nivunje ndoa ya watu?"

Kuka alisema ahsante, akaingia jikoni kuweka chai. Nami nikaanza kuosha sahani. Yule mpishi wa masanduku alirudi Nairobi na masanduku yake.

Nyumba sasa ni ya Mnunuzi. Mtamwita Mama, hapendi Madam. Barasa bado yuko redioni, na amri ya nyumba, iliyoandikwa kwa mkaa juu ya lile sanduku, ni kwamba hakuna agizo linalopokelewa kabla ya kuuliza: ya kuandika au ya kula? Ulizeni hata mkiona mnajua. Hasa mkiona mnajua. Wageni wa kwanza wakitoka ufuoni watadai kitambaa na kalamu, wamesikia ni desturi. Wapeni.

Na jambo la mwisho, halafu niende nikasome. Nyuma ya duka la mama kuna gunia moja, limefungwa kwa kamba ya katani. Lililetwa juzi kutoka Tongaren. Ni zito, libebeni wawili, na liwekeni chini ya kabichi ili dereva asianze hotuba yake. Hamisi, najua utataka kuuliza kwa nini mzee bado anaagiza udongo wakati ameshabakishwa kazini. Muulize mama yako kama baba yako amemaliza kulipa mahari.